Kofia Kwenye Kiti cha Mbele

Baba mkwe wangu, ambaye sasa si baba mkwe wangu tena, alinunua spea za gari lake kwenye duka ninakouza kwa miaka yote niliyokuwa mke wa mwanawe, na katika miaka yote hiyo hakuniambia neno moja uso kwa uso. Aliongea na kalenda. Ilikuwa kalenda ya muuza dawa za mifugo, yenye picha ya ng'ombe wa maziwa, imetundikwa juu ya rafu ya mikanda ya feni. Mzee aliingia, akavua kofia yake ya kahawia, akamkazia macho yule ng'ombe na kusema:

"Uliza huyo mtu kama plagi ziko."

Huyo mtu alikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya mche kwenye koti lake. Nami niligeuka nikaielekea rafu, nikajibu:

"Mwambie ziko za aina mbili."

Aliyekuwa akiulizwa na kuambiwa ni Mama Salma, mwenye duka, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani na kubaki hapa Sultan Hamud. Alikaa kando ya droo ya pesa na buibui lake, na mwanzoni alijaribu kweli kuyapeleka maneno kutoka huku kwenda kule. Baadaye alichoka. "Mimi hapa nimekuwa nguzo ya simu," alisema. "Maneno yanipita juu, wala siyagusi."

Kwa wasiotujua sisi Wakamba, jambo hili linaitwa nthoni. Ni haya iliyowekwa kati ya mtu na wakwe zake, heshima yenye ukuta katikati. Baba hakai karibu na mke wa mwanawe, hampi mkono, hamtaji jina. Katika nyumba nyingi siku hizi imebaki kidogo tu, kama chumvi. Nimewaona wazee wakicheka na wake za wana wao na kupokea chai mikononi mwao, na mvua bado inanyesha. Lakini katika boma nililoolewa, nthoni ilikuwa hai na ilikula mezani pamoja nasi. Yaani ilikula na yeye sebuleni, nami nikala jikoni.

Mkewe alikuwa amefariki kabla sijaolewa, na mume wangu alifanya kazi Athi River, akija nyumbani mwisho wa mwezi akikumbuka. Kwa hiyo boma lile lilikuwa la watu wawili wasiosemeshana. Asubuhi alikohoa mlangoni ili nijue anatoka. Jioni alipiga honi mara moja mbele ya lango ili nijue amerudi, na kama nilikuwa uani nikaingia ndani. Nilijua hali ya moyo wake kwa namna alivyokohoa.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la Kijapani, la milango miwili, buluu iliyopauka ikawa rangi ya shati la shule lililofuliwa miaka minne. Alilipata mnadani alipostaafu, wakati wenzake wakinunua ng'ombe wa gredi na matangi ya maji. Watu walisema mzee amechanganyikiwa. Gari la chini vile, tumbo linagusa nyasi, litapandaje kilima chetu? Yeye hakubishana nao. Alinunua springi kuukuu zilizotoka kwenye gari la kubebea miraa, akazifunga nyuma, na tangu siku hiyo gari likasimama matako juu kama mbuzi aliyeinama kunywa maji. Likapanda kilima. Waliocheka wakaanza kuomba lifti.

Taa zake za mbele zilikuwa zile zinazofunguka kama macho, na moja lilikuwa na uvivu. Ukiwasha, la kulia lilifunguka na la kushoto likabaki limefumba. Mzee wa kanisa anakuja kwenye mkesha na gari lake linawakonyeza akina mama. Alikasirika sana jambo hilo lilipogeuka kuwa utani. Alimuuliza ng'ombe kama kuna mtu anayejua mota ya taa inauzwa pesa ngapi. Nikamwambia ng'ombe kwamba mota ni nzima, kilichoisha ni kile kijiplastiki kidogo ndani yake, na kijiplastiki hakiuzwi popote, lakini mtu akikata kipande cha mpini wa mswaki na kukichonga vizuri, kinakaa. Kesho yake kulikuwa na mswaki mpya juu ya kaunta, bado ndani ya karatasi yake, na mota kando yake. Nikachonga. Jicho likafunguka.

Nisiseme uongo, nilipenda kazi ile. Nilipenda kumchagulia. Mtu mwenye gari kuukuu la spoti na pensheni ndogo ni mtihani, kwa maana kila kitu kwenye gari hilo kinataka kuwa ghali, na wauzaji wengi wakiona milango miwili wanapandisha bei kabla hujafungua mdomo. Nilimwekea kando vitu vizuri. Mzigo wa mtumba kutoka Japani ukija, nilipekua kabla ya mtu yeyote, nikapata kebo za plagi ambazo mpira wake bado ni laini, nikapata kifuniko cha distribyuta ambacho hakijapasuka, nikavificha chini ya kaunta ndani ya gazeti. Mafundi wa barabarani walimshauri aondoe thamostati, kile kidhibiti joto cha maji, ili injini isichemke. Nilimwambia, kupitia kwa ng'ombe, kwamba injini isiyopata joto lake hula petroli kama mgeni wa harusi. Akaiacha mahali pake. Kwenye plagi nilimshauri achukue zile za kawaida na kuzibadilisha mapema, asishawishike na za bei ya juu zenye maandishi ya dhahabu, kwa sababu hizo za dhahabu zinazofika kwetu nyingi ni feki.

"Mwambie," nilisema siku hiyo, "kipya cha uongo ni kikuukuu kuliko kikuukuu cha kweli."

Mama Salma alicheka hadi akapangusa macho. Mzee hakucheka. Lakini Jumapili iliyofuata, nikiwa nimekaa upande wa akina mama, nilimsikia akisimama kutoa neno la utangulizi kabla ya mahubiri. Alizungumza kuhusu manabii wa siku hizi, akanyoosha kidole juu, akasema: "Ndugu zangu, kipya cha uongo ni kikuukuu kuliko kikuukuu cha kweli." Kanisa likasema amina. Hata mchungaji aliandika.

Ndivyo alivyokuwa. Alichukua. Baada ya ibada wanaume walimzunguka pale chini ya mkwaju, akafungua boneti, akawaonyesha injini safi kama sufuria ya bibi harusi. Wakauliza ni nani anayemchagulia vitu vizuri hivi kwa bei ya chini. Akasema, "Ni kijana yangu." Kijana wake alikuwa Athi River na hakujua plagi inakaa wapi. Mara moja alijaribu kuongeza maji ya radieta akamimina kwenye chupa ya wipa. Lakini sifa zilikuwa zake, na yeye alizipokea kwa simu.

Nilisema alichukua, na lazima niseme pia kwamba alitoa. Kanisani kwetu sadaka za mazao hupigwa mnada baada ya ibada, mayai, maembe, jogoo aliyefungwa miguu. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila Jumapili alileta mayai mawili, hakuwa na zaidi. Mzee aliyapandisha bei mayai yale mawili hadi watu wakageuka kuangalia kama yana kiini cha dhahabu, kisha akayanunua na kumrudishia bibi yule akayapike. Mtu yuleyule alizima injini akiteremka kilima ili kuokoa petroli, na kila njiti ya kiberiti aliigawanya mbili. Wakati wa ukame alibeba mitungi ya maji ya akina mama wazee kutoka mtoni hadi juu, safari baada ya safari, na mtungi mmoja uliwekwa kiti cha mbele ukafungwa mkanda. Mavuno ya ndengu yakiwa mazuri, nilikuta debe nyuma ya mlango wa duka. Hakuna aliyesema limetoka wapi. Mama Salma aliuliza siku moja, naye mzee akaijibu kalenda: "Ni ya huyo mtu wa dukani." Nilipika ndengu hizo nikiwa nalia, sijui kwa nini hasa.

Kiti hicho cha mbele ndicho ninachotaka kukieleza. Gari la aina hiyo lina viti viwili vya watu na kiti kimoja cha nyuma ambacho aliyekitengeneza hakukusudia mwenye miguu akikalie. Siku ya ntheo, yaani siku ya kupeleka kwetu Migwani mbuzi watatu ambao kwa mila yetu ndio wanaofunga ndoa, wenzake mzee walitaka kukodi pikapu. Akasema pikapu ya nini na gari lipo. Mbuzi wawili wakalazwa nyuma. Wa tatu akakaa mbele, juu ya mapaja ya mjomba wa mume wangu, kichwa nje ya dirisha, akiwasalimu watu kuanzia Machakos hadi Kitui. Kwetu bado wanasimulia.

Kwa hiyo kiti cha mbele kilishabeba mbuzi, mtungi, godoro, na gunia la saruji. Mimi sikuwahi kukikalia. Bibi yangu alipofariki Migwani, mume wangu alisema kazi imembana. Jioni hiyo mzee alisimama nje ya jikoni, akauambia ukuta: "Kama kuna mtu anaenda Migwani kesho, gari inatoka asubuhi."

Nilipanda nyuma. Nilijikunja magoti yakafika kidevuni, shingo imepinda chini ya kioo, nikaenda hivyo kutoka Makueni hadi Kitui na kuipita Kitui. Kiti cha mbele, kilichokuwa kando yake, kilikuwa kitupu. Alikuwa ameweka kofia yake juu yake. Kofia ilikaa vizuri, ikatazama barabara, ikapata upepo. Tulipofika Kitui alinunua ndizi, akaziweka pale katikati ya viti bila kugeuka. Tulipoacha lami aliendesha polepole sana, akizunguka kila shimo, na nilijua ni kwa ajili ya shingo yangu. Makaburini alichukua koleo kutoka kwa vijana akafukia hadi shati likalowa. Baba yangu aliniambia, "Mwanangu, hapo umepata mzazi." Na mimi niliamini. Ndiyo maana ninaandika kwa hasira hivi, kwa sababu niliamini.

Mama yangu, aliponiona nikishuka kwenye gari siku ile nikiwa nimepinda kama ndoano, aliulizia mambo ya zamani. Akaambiwa na wazee wa kwetu kwamba nthoni ina dawa. Mkwe akitoa mbuzi, watu wakala, ukuta unashushwa kidogo, mnaweza kusalimiana na kuketi sehemu moja. Ujumbe ukapelekwa kwa adabu. Mzee akarudisha jibu kwamba yeye ni mtu aliyeokoka na hawezi kuchinja mbuzi kwa ajili ya mila za giza.

Mama Salma alipolisikia jibu hilo aliifunga droo ya pesa. "Mwanangu," akasema, "ukuta kaujenga kwa mila, na mlango kaukataa kwa dini. Mtu huyo ataka nini?"

Sikujua anataka nini. Nadhani sasa ninajua. Ukuta ule ulikuwa unamfaa. Ulimpa mtu wa kumpikia, kumfulia, kumchagulia spea na kumchongea mswaki, bila deni la shukrani, maana utamshukuruje mtu ambaye huruhusiwi kumwona?

Mara moja tu alikataa ushauri wangu, na ilikuwa kwa ajili ya uzuri. Mtu mmoja pale Emali alimuuzia air cleaner, yaani chujio la hewa ya injini, ya wazi, ile ya spoti, yenye umbo la pia ya watoto, nyekundu, inayong'aa na kufanya injini ingurume. Mzee aliyegawanya njiti za kiberiti aliipenda kama mtoto. Alikuja kuionyesha, akaiweka juu ya kaunta mbele ya ng'ombe.

"Mwambie airudishe," nilisema. "Hiyo ni ya nchi ya lami. Huku kwetu itavuta vumbi lote la barabara ikalitia ndani ya injini."

"Mwambie mimi nimeendesha gari kabla hajazaliwa."

"Mwambie hata vumbi lilikuwako kabla hajazaliwa yeye."

Mama Salma akaweka mkono mdomoni. Mzee akachukua pia yake nyekundu akaondoka. Injini ilinguruma vizuri kwa msimu mmoja wa kiangazi. Kisha ikaanza kukohoa, kutoa moshi wa buluu na kunywa oili. Alirudi, kofia mkononi, akamtazama ng'ombe kwa muda mrefu.

"Uliza huyo mtu kama ile ya zamani, ile ya boksi, iko."

Ilikuwapo. Nilikuwa nimemwekea tangu siku aliyoondoka na ile nyekundu, kwa sababu nilijua. Nikamwambia pia atafute ringi za pistoni, na ni za gari gani la kawaida zinazolingana na zake kwa bei ya chini. Ringi ziliiponya injini. Kanisani aliwaeleza wanaume kwamba kijana wake alikuwa amemwonya mapema kuhusu air cleaner ya wazi, naye hakusikia. Hata kosa lake alilikiri kwa mtu mwingine.

Sasa nifike pale pachungu. Mimi na mume wangu hatukupata mtoto. Nilipimwa mimi, yeye hakupimwa, kama kawaida. Kisha siku moja alikuja nyumbani kutoka Athi River na mwanamke na mtoto anayeanza kutembea, akasema hawa ndio watu wake. Hakutaka wake wawili, mshahara hautoshi. Alitaka mimi niondoke.

Kikao cha ukoo kilifanyika uani mwa boma la mzee, wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki vya kanisa, mimi kwenye mkeka kando na shangazi yangu mmoja aliyekuja kutoka Migwani. Sikuwa na hofu kubwa. Nilijua mila yetu vizuri: baba mwenye boma akisema mke huyu ni wa boma langu, haondoki, mwana hawezi kumtoa. Anaweza kuoa wengine huko aliko, lakini nyumba yangu ingebaki yangu. Neno moja lingetosha. Nilitazama gari lililosimama nyuma ya viti vya wazee, macho yake yote mawili yamefumba sawasawa, nikafikiri: huyu hawezi kuninyima neno moja.

Mzee wa ukoo akamgeukia. "Wewe ndiye mwenye boma. Unasemaje juu ya huyu mama? Ana kosa gani, au ana wema gani?"

Baba mkwe wangu alitazama paa la ghala. Alilitazama kama alivyomtazama yule ng'ombe. Nikangoja. Hata mume wangu aliinua kichwa.

"Mimi na yeye hatuongei," alisema. "Nitasemaje juu ya mtu ambaye siongei naye?"

Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja alisema hiyo ni heshima. Shangazi yangu alinishika goti, kwa sababu nilikuwa nimeanza kunyanyuka. Nilitaka kwenda kufungua boneti. Nilitaka kuwaambia wazee njooni, tazameni hapa, hapa ndipo tulipoongea, kebo hii, plagi hizi, hosi hii, haya ndiyo maneno yetu. Shangazi akanikandamiza nikakaa.

Baba yangu alitakiwa kurudisha mbuzi. Mbuzi watatu wakirudi, ndoa imekwisha, hakuna mwenye neno. Nilikuwa Migwani siku watu walipokuja kuwachukua mbuzi. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikitwanga, nikasikia gari likipanda kutoka sokoni, na kabla sijaliona nilijua ni yeye, na nilijua injini imelala vizuri, haikosi mpigo, kebo ziko sawa. Mikono yangu iliisikiliza kabla ya masikio. Wawili wakalazwa nyuma. Wa tatu akapanda mbele.

Nilirudi Sultan Hamud, nikapanga chumba ng'ambo ya reli, nikaendelea na kazi. Mama Salma hakuniuliza mengi. Aliniongezea chai. Miezi ikapita bila gari la buluu kuonekana mbele ya duka, nikadhani anaona aibu. Nilikuwa bado namdhania mema, unaona? Mazoea yana taabu.

Alikuja alasiri moja, Mama Salma akiwa ameingia nyuma kuswali. Alikuwa amezeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Aliingia bila kofia. Hakumtazama ng'ombe. Alikuja moja kwa moja kwenye kaunta, akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nikaona kwamba macho yake si meusi kama nilivyodhani. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mwikali," alisema. "Habari yako?"

Alikuwa na jina langu siku zote hizo. Alinyoosha mkono. Nikampa wangu, kwa sababu nilishindwa kupata sababu ya kuunyima. Hakuniongelesha Kikamba. Alizungumza Kiswahili, kama unavyozungumza na muuzaji yeyote wa dukani.

"Sasa hatuna shida," alisema, akaegemea kaunta kama wanaume wengine wanavyoegemea. "Zile mbuzi zilirudi. Sasa tunaweza kuongea kama watu. Nataka plagi, na air cleaner ile ya boksi. Na ile jicho imeanza tena."

Nilimtolea plagi. Nilimtolea air cleaner. Nilifanya kazi yangu. Yeye alizigeuza mkononi akiwa na furaha, mzee aliyefunguliwa ulimi, akaniuliza hili na lile kuhusu oili, nami nikamjibu, na sauti zetu zilikuwa zinakutana pale juu ya kaunta bila kupita kwa mtu. Nilikuwa nimeota kitu hicho kwa miaka. Kilikuwa kitamu kwa muda wa kufungua boksi moja.

"Mimi nilikuwa najua ni wewe," alisema ghafla. "Siku zote nilijua ni wewe unachagua. Kijana yangu hajui hata boneti inafunguliwa wapi."

"Ulijua?"

"Nilijua. Hakuna fundi barabara hii yote anajua hii gari kama wewe."

Nikaweka boksi chini. "Na siku ile, mbele ya wazee? Uliulizwa wema wangu."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba hakuwa anajificha. Alishangaa nisivyoelewa.

"Siku hiyo ulikuwa mke wa kijana yangu," alisema. "Ningesema aje?"

Alilipa. Akakusanya vitu vyake, akafika mlangoni, akageuka. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kufanya jambo jema, uso uleule wa mnada wa mayai.

"Nasikia umepanga ng'ambo ya reli. Mimi napita huko. Funga, nikupeleke."

Alitoka akafungua mlango wa abiria. Kofia ilikuwa pale kitini, mahali pake. Aliiinua, akapangusa kiti kwa kiganja, akasimama ameushika mlango wazi kwa ajili yangu.

"Panda mbele," alisema. "Sasa hakuna makosa."

Niliitazama nafasi ile, kitambaa chake kilichochakaa pembeni, mkanda ulioshika mtungi. Kisha niligeuka nikampa mgongo, nikaielekea rafu ya mikanda ya feni.

"Mwambie mzee asante," nilimwambia ng'ombe. "Mwambie gari hiyo mimi hupanda nyuma."

Dukani hakukuwa na mtu wa kuyapeleka maneno hayo. Mama Salma alikuwa bado kwenye mkeka wake. Lakini mlango wa duka ulikuwa wazi, na yeye alisikia. Mimi sikugeuka. Halafu akairudisha kofia kwenye kiti, akafunga mlango wa gari.